Vifaa vya vidonda: zahanati za Tabora zianze kununua nini

Bei ya boksi hudanganya. Piga hesabu hadi kidonda kifunge: kitafungwa upya mara ngapi, plasta itaenda kiasi gani, na mgonjwa wa Kitunda atalipa nauli ya bodaboda mara ngapi.

Namba moja, bila ubishi, ni gozi ya roli, kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, ile ya sentimita 90 kwa mita 91. Mkiikata na kuikunja wenyewe, kisha mkaitakasa kwenye otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke) kwa nyuzi 121, mtapata vipande vingi kwa fedha kidogo. Otoklevu ikiwa mbovu, nunueni gozi iliyokwisha kutakaswa. Hapo msibane matumizi.

Ya pili ni gozi ya vaselini, na hii naitetea kwa nguvu zote. Bandua gozi kavu kwenye paja la mtoto aliyemwagikiwa uji wa moto uone: inatoka na ile nyama changa nyekundu, damu inaanza upya, mtoto analia hadi sauti inakauka. Ya vaselini haigandi. Boksi ni ghali zaidi, lakini kidonda hakirudi nyuma.

Tatu, bendeji ya kubana, kwa vidonda vya miguu vinavyotokana na mishipa ya vena, ile inayorudisha damu moyoni. Hapo mbano wenyewe ndiyo tiba, na bendeji hufuliwa ikatumika tena. Pima kwanza mapigo ya damu mguuni. Yakiwa hafifu, usibane.

Povidoni ayodini, dawa ya kahawia ya kuua vijidudu, inatosha chupa chache. Kidonda kisafi huoshwa kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9, au hata maji safi ya kunywa. Haidrojeni peroksaidi na spiriti zitoeni kwenye oda, zinaua chembe hai zinazojenga nyama mpya.

Haidrokoloidi (plasta za jeli) na sponji za kidonda ziwe chache. Kipande kimoja ni ghali, ila hukaa siku 3 hadi 7, kwa hiyo wawekeeni wanaotoka mbali wenye vidonda visivyo na usaha.

Na asali yetu ya Sikonge? Tamu kweli, lakini ya kutibu vidonda hutakaswa kwa mionzi ili kuua vijidudu sugu. Ya mzinga ibaki mezani.

Oda ianzie MSD (Bohari ya Dawa) Kanda ya Tabora. Wakikosa, nendeni kwa mshitiri, muuzaji binafsi aliyeidhinishwa. Mzigo ukifika, kagueni tarehe ya mwisho wa matumizi kabla ya kusaini, na pakiti iliyochanika au kulowa irudisheni hapohapo.