Programu iliyosema imehifadhi kazi yangu, kisha ikagoma kuifungua

Kama programu haitaki nihifadhi kazi yangu, iseme haitaki. Isinipe kitufe cha kusevu, isiniandikie kwamba kazi imehifadhiwa, isiniwekee faili kwenye kompyuta lenye jina nililolichagua mwenyewe, halafu kesho yake nikija kulifungua iniambie nikanunue leseni kwanza. Hilo ndilo lililonikuta na toleo la majaribio la programu hii ya kutengenezea muziki, na mengine yote nitakayoyasema hapa, hata yale mazuri, yasomeni mkijua kwamba moto bado unawaka.

Ilikuwa remiksi yangu ya kwanza. Binti wa mama mdogo alikuwa na sendofu, ukumbi Usa River, na mama mdogo ndiye anayeimba solo kwenye kwaya ya usharika wao. Wana wimbo mmoja wa shangwe ambao ukianza hata wazee wenye magoti mabovu wanainuka. Nikaona huu ndio bibi harusi aingie nao, ila uwekewe biti ya kucheza. Mwalimu wa kwaya akakubali, akanipa na flashi yenye sauti zote zikiwa zimetengwa: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, kayamba, na solo peke yake. Si kila kwaya inatunza rekodi zake hivyo, Mungu ambariki yule mwalimu.

Mimi nilichokuwa nimezoea ni Audacity ya bure, ninayokatia na kusafishia matangazo ya maduka. Maprodyuza wengi ninaowafahamu hapa mjini wako kwenye FL Studio, na wakongwe wao bado wanaiita Fruity kwa sababu ilipotoka 1997 iliitwa FruityLoops. Chalii mmoja wa Ngarenaro akaniambia achana na hiyo, chukua hii, sauti za watu inazishika vizuri zaidi. Nikaichukua. Kwenye hilo la sauti hakunidanganya, na nitalisema wazi hata kama linaniuma.

Wimbo wa kwaya unatembea kwa tatu tatu. Ukipiga mguu chini unapata mapigo kama 100 kwa dakika, na ndani ya kila pigo kayamba linajaza mawili mengine. Programu yenyewe inakufungulia ukurasa uliogawanywa kwa nne nne, ikaniingizia kwaya na kunitangazia kwamba mwendo wake ni 150. Ilikuwa inahesabu chembechembe za kayamba mbili mbili badala ya tatu tatu. Kila ngoma niliyoweka ikawa inagombana na waimbaji. Mpaka nilipoiambia mwenyewe kwamba pigo ni 100 na kila pigo ligawanywe kwa tatu, kila kitu kikakaa. Kiki, ile ngoma nzito ya chini, ikashuka pale pale mguu unaposhuka. Nilipiga kelele peke yangu chumbani Sakina, jirani akaniuliza kama Simba wamefunga.

Halafu kwaya haiimbi na saa. Ubeti wa mwisho wanakimbia, furaha inawazidi. Nilikaa nikivuta kofi moja moja na kulisogeza kwenye mstari wake, kisha nikapandisha wimbo mzima hadi 112. Sauti hazikuwa nyembamba kama za watoto, hazikukwaruza, mama mdogo alibaki mama mdogo. Binamu yangu alitaka niusukume hadi kwenye singeli, ule muziki wa kina Manzese na Tandale unaopita mapigo 200 kwa dakika. Nikamkatalia, pale hata maneno yasingesikika.

Kuna kitu kimoja ndani ya ile kazi ambacho nilikipenda kuliko vyote. Kabla ya ubeti wa pili mama mdogo anavuta pumzi, pumzi ndefu, unaisikia kabisa kwenye treki ya solo. Niliikata, nikaiweka kwenye kila pigo la nne, nikaipa mwangwi kidogo. Ikawa sehemu ya ngoma. Ukumbi mzima ungevuta pumzi pamoja naye kabla hajaingia. Hiyo niliijenga kwa mkono, kipande kwa kipande, usiku, mvua ikigonga bati na mimi nimebana hedifoni masikioni.

Nikasevu. Ikaandika kwamba imehifadhi. Nikatoa na nakala ya MP3 ili niisikilize kesho yake kwenye daladala kuelekea mjini. Nikaisikiliza, na karibu na Kilombero nikagundua shida moja: kwenye ubeti wa pili besi yangu imepanda juu ya solo, maneno yanazama. Si kazi kubwa. Unafungua faili, unashusha kidude kimoja cha besi, umemaliza.

Jioni nikabofya faili. Kikatokea kiboksi chenye ukingo wa njano: toleo la majaribio haliwezi kufungua kazi zilizohifadhiwa, tafadhali nunua leseni. Chini yake vitufe viwili, kununua na kufunga. Hakuna cha tatu. Nikarudi kule kwenye kusevu nitazame kama kuna onyo lolote. Hakuna. Onyo liko kwenye jedwali la tovuti yao, chini kabisa, baada ya picha za watu wanaocheka na vinanda.

Jamani, ile MP3 ni ugali ulioshaiva, huwezi kuutoa unga na kuurudisha kwenye mfuko. Niliipeleka Audacity nikapunguza masafa ya chini. Besi ikashuka, kiki nayo ikafa, na sauti ya nne ya wale wazee ikakonda wakawa kama wanaimbia kwenye simu. Nikajaribu kulipa, bei ni ya dola, kadi ya kwenye simu ikakataliwa. Nikawaandikia huduma kwa wateja, kwa heshima zote, nikaeleza kuna shughuli ya familia Jumamosi na ninaomba nifungue faili mara moja tu. Jibu lilikuja: asante kwa kupendezwa na bidhaa zetu, tafadhali soma jedwali la kulinganisha matoleo. Hata jina langu hawakuandika.

Sendofu ikafika, dijei akapiga ile ile yenye besi mbaya. Watu walicheza, siwezi kukataa, bibi harusi aliingia akiyumba mabega na mashangazi wakamzunguka na kanga. Baadaye mama mdogo akanivuta pembeni. "Mwanangu, ni nzuri. Lakini mbona pale pangu sisikiki?" Nikamwambia, "Mama, nisamehe, nitairekebisha." Nikarekebishie wapi?

Siku chache mbele rafiki mwenye kadi ya benki akanilipia. Ndiyo, nimenunua. Nikafungua lile faili na kila kitu kilikuwemo. Makofi niliyoyasogeza, pumzi, mwangwi, rangi nilizozipa treki. Nikashusha besi, sijui kama ilizidi dakika moja, na solo ikatoka wazi kama alivyoiimba. Kwa sauti hiyo ningewapa nyota tano bila kufikiri, na nilishaanza kuandika tano. Kisha nikajiuliza: kumbe kazi yangu ilikuwa humo muda wote? Haikupotea, haikuharibika, ilifungiwa tu mpaka nilipe? Basi tatu. Na nikikumbuka uso wa mama mdogo pale pembeni ya ukumbi, mbili.

Ukiwa Arusha au Moshi na unataka kuijaribu, ijaribu, kwa sauti za kwaya sijasikia kinachoifikia. Ila siku ya kwanza kabisa weka ngoma moja tu, sevu, funga, kisha jaribu kufungua. Ikigoma, usiwekeze usiku wako humo. Na kama ukiwekeza, kila ukimaliza toa kila treki peke yake kwa WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa kama MP3, solo peke yake, besi peke yake, kiki peke yake, zote zianzie sekunde ya sifuri, ili hata Audacity iweze kuzipanga upya na wewe uweze kushusha besi bila kumwomba mtu.

Wao nawadai kitu kimoja. Ile sentensi ya kwenye jedwali waihamishie kwenye kitufe cha kusevu, isomeke kabla mtu hajabofya. Nimewaandikia tena kuhusu hilo, safari hii nikiwa mteja aliyelipa, na nimewaambatanishia remiksi yenyewe ili wasikie walichokuwa wamekifungia.