Bourbon adimu: ipi ununue kwanza, ipi isubiri

Ndugu wanaohamia hapa Louisville, Kentucky, na wale wanaopita wakitafuta zawadi ya kurudi nayo nyumbani, huniuliza swali lilelile: nikiwa na dola mia moja, ninunue Bourbon gani, yaani wiski ya mahindi ya Kimarekani, ambayo haipatikani kila kona? Wengi wameshalisikia jina la Pappy, yaani Pappy Van Winkle, Bourbon inayosakwa kuliko zote. Mimi Pappy naiweka mwisho. Nimekusanya chupa hizi kwa miaka tisa, na kipimo changu ni kwamba chupa nzuri ni ile unayoipata kwa bei halali ya dukani, ukaifungua mbele ya wenzako, na ikiisha ukaweza kuipata nyingine.

Kabla ya kutoa pesa, soma lebo. Sheria ya Marekani inataka Bourbon iwe na mahindi yasiyopungua asilimia 51, ikae kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani mpaka yakafanya mkaa, na isiongezwe rangi. Kwa hiyo wekundu wote unaouona umetoka kwenye ule mti. Maneno Bottled in Bond yana uzito wa sheria ya mwaka 1897: kiwanda kimoja, msimu mmoja wa kukeneka, ghalani miaka minne au zaidi, na kilevi asilimia 50 kamili. Maneno kama "maalumu" au "teule" hayana sheria nyuma yake, yasikutoe pesa.

Namba moja kwangu ni Elijah Craig Barrel Proof ya kiwanda cha Heaven Hill. Hutoka mara tatu kwa mwaka, haikuzimuliwa kwa maji, na mara nyingi kilevi chake hupita asilimia 60. Ishike chupa usome alama yake. C923, kwa mfano, ina maana ni toleo la tatu, mwezi wa tisa, mwaka 2023. Zamani yote ilikuwa ya miaka 12; tangu mwaka huo umri hubadilika toleo hadi toleo, nao umeandikwa palepale. Bei yake ya haki ni kama dola 70 hadi 80. Mimina kidogo, acha bilauri itulie dakika kumi, piga funda dogo bila maji. Utapata sukari guru iliyoungua, mdalasini, na ukali unaoshuka mpaka kifuani. Kisha weka matone manne ya maji uonje tena. Harufu ya mti inafunguka, ukali unarudi nyuma, na unaanza kuonja mahindi yenyewe. Sijapata chupa nyingine ya bei hii inayokupa vinywaji viwili ndani ya kimoja.

Ya pili ni Russell's Reserve Single Barrel, inayotoka kiwanda cha Wild Turkey kule Lawrenceburg, asilimia 55. Hapa siri iko kwa mwenye duka. Maduka mengi ya Kentucky huenda kiwandani, wakaonja mapipa kadhaa, wakanunua moja zima, na jina la duka likabandikwa kwenye chupa. Pipa moja hutoa chupa mia na kitu tu, na likiisha limeisha. Huo ndio uadimu ninaoupenda, kwa sababu haukupandishii bei. Jenga mazoea na duka moja, nunua hapo hata vitu vya kawaida, uliza wanachagua pipa lini. Mimi hupigiwa simu kabla chupa hazijapangwa rafuni.

Ya tatu ni Eagle Rare ya miaka kumi, kutoka kiwanda cha Buffalo Trace, Frankfort. Laini, tamu, haimtishi mgeni. Ukiiona chini ya dola 45, chukua usifikiri mara mbili.

Weller naiweka ya nne, nayo ina habari ndefu kidogo. Ndani yake kuna ngano mahali ambapo Bourbon nyingi hutia nafaka ya rai (rye), ndiyo maana inateleza kama asali. Van Winkle, yaani ile Pappy na ndugu zake, inatumia mchanganyiko uleule wa nafaka na inakenekwa kiwanda kilekile cha Buffalo Trace. Zinatofautiana kwa mapipa yanayochaguliwa na miaka ya kukaa ghalani. Habari hiyo iliposambaa, walanguzi wakaivamia Weller. Weller Antique 107, yenye asilimia 53.5, ni tamu sana kwa bei ya dukani, lakini mara mbili ya hapo siitoi.

Blanton's ni ya tano. Ilianza kuuzwa 1984, ikafungua njia ya Bourbon za pipa mojamoja. Kwenye lebo kuna tarehe ya kumwagwa kwa pipa na namba yake, na juu ya kizibo kuna farasi na mpanda farasi. Vizibo viko vinane, kila kimoja na herufi yake, na watu hununua chupa baada ya chupa wakamilishe jina. Ni kinywaji kizuri. Kwa dola 70 nunua. Kwa 150, hiyo ya ziada unalipia farasi.

Na Pappy? Ile ya miaka 15 ni ya ajabu, nimeionja mara mbili. Ya miaka 23 imekaa sana kwenye pipa jipya, na joto la Kentucky limeifanya ielekee uchungu wa gome la mti. Usiinunue kwa mtu binafsi. Ingia kwenye bahati nasibu za maduka, na kama unataka kuonja tu, baa nyingi hapa huuza kwa kipimo.

Nasema hivi kwa sababu nimeshapigwa. Nilinunua chupa ya Weller ya miaka 12 kwa mtu niliyekutana naye mtandaoni. Plastiki ya shingoni ilikuwa na mikunjo, na wiski ilikuwa chini kidogo ya shingo, nami nikaona ni jambo dogo. Ilikuwa imechakachuliwa: chupa halisi, kinywaji kingine. Tangu hapo chupa za zamani nazitafuta kwenye maduka yenye leseni. Sheria ya Kentucky tangu 2018 inayaruhusu kununua chupa kuukuu kwa watu binafsi na kuziuza.

Nyumbani isimamishe wima, gizani. Si mvinyo hii; ukiilaza, kilevi kinakula kizibo. Ndani ya kioo haikomai tena, na ikibaki robo imalize ndani ya miezi michache.

Kwa anayesafiri: ndegeni kilevi cha juu ya asilimia 70 hakipandi kabisa, na George T. Stagg, Bourbon isiyozimuliwa kwa maji, ya miaka fulani imewahi kuvuka hapo. Chini ya hapo, ifunge ndani ya nguo kwenye begi kubwa, ikiwa haijafunguliwa. Ukitua Dar es Salaam au Nairobi, msamaha wa ushuru kwa pombe kali ni lita moja kwa mtu mzima, kwa hiyo chupa moja ya mililita 750 inapita, ya pili ilipie.