Giga 150 ambazo 90 zake ni za saa za usingizi: rivyu ya intaneti ya dishi baada ya mwaka na nusu (2018 mpaka 2019)

Nianze na nyota kabisa ili wenye haraka waende zao: mbili kati ya tano, na moja kati ya hizo mbili ni ya fundi aliyekuja kufunga dishi, sio ya kampuni.

Kampuni siitaji. Huku porini Australia hata nikiitaja haisaidii, maana mwaka huu wa 2019 wauzaji wa intaneti ya setilaiti karibu wote wanauza kitu kilekile, setilaiti zilezile mbili zilizorushwa 2015 na 2016 kwa ajili ya mradi wa intaneti wa taifa, wanachotofautiana ni bili na namna ya kukuzungusha ukiwapigia.

Sisi tupo kwenye ranchi ya ng'ombe magharibi ya Queensland, mji wa karibu ni Longreach, na karibu hapo ni kilomita 60 ambazo nyingi ni vumbi tupu. Mimi fundi wa mitambo, mke wangu anapikia vijana wa kazi, watoto wawili wanasoma kwa mtandao kwa sababu shule ya kwenda kwa miguu haipo. Kwa wale walioko nyumbani wanaoniuliza "we si uko Ulaya bana, intaneti inakusumbuaje", kwanza Australia sio Ulaya, pili chukueni Tanzania yote muiweke humu ndani inaingia mara nane, halafu watu waliomo hawafiki hata nusu ya Watanzania na karibu wote wamejazana pembezoni mwa bahari. Sasa nani atachimba mtaro wa fiber, ile waya ya kioo ya intaneti, kilomita 60 kwa ajili ya nyumba tatu na ng'ombe? Ule mradi wa taifa ulipotangazwa 2009 hesabu iliyokuja kutumika ilikuwa asilimia 93 ya nyumba wapate fiber mpaka mlangoni, saba zilizobaki wapewe intaneti ya minara na setilaiti. Baadae siasa zikaingia, serikali ikabadilika 2013, wa mjini wengi wakaishia kwenye waya za shaba za simu za zamani na mpaka leo wanalia. Ila sisi wa setilaiti hatujabadilishiwa kitu, tulikuwa mkiani toka kwenye karatasi ya kwanza.

Basi Februari 2018 nikajiunga. Kufungiwa dishi ni bure, hilo niseme. Fundi alitoka mbali, kafika saa tano asubuhi joto la kufa mtu, kapanda juu ya bati akiwa na glavu maana bati lilikuwa linaunguza, kaelekeza dishi, kapima, kashuka kanywa maji jagi zima, kaniachia karatasi yenye namba zote. Mtu wa heshima. Kifurushi nilichochukua ni spidi ya megabiti 25 kushusha na 5 kupandisha, na kwenye tangazo imeandikwa kwa maandishi makubwa GIGA 150 kwa mwezi.

Sasa hapo kwenye 150 ndo pa kuangalia. Chini yake kwa maandishi ya sisimizi: 60 ni za saa za kawaida, 90 ni za nje ya saa za kawaida. Na hizo saa za nje ni kuanzia saa saba usiku mpaka saa moja asubuhi. Yaani bando kubwa nalipewa nikiwa nakoroma. Zile 60 gawanya kwa siku 30 ni giga mbili kwa siku kwa watu wanne, picha moja ya HD ya saa moja na nusu imezimaliza na bado hujafungua hata meseji. Na zisipoisha hazihamii mwezi unaofuata, zinapotea tu kama mvua ya mchangani. Bahati masomo ya watoto yana mgao wake tofauti, bila hivyo tungerudi enzi za redio, maana watoto wa huku toka 1951 kule Alice Springs walikuwa wanasomeshwa kwa redio, na kuna siku mimi naona redio ilikuwa na afadhali.

Mwezi wa kwanza tulimaliza siku ya kumi na moja. Sikuamini, nikadhani kuna mtu anatuibia, halafu nikajicheka, jirani wa kuiba yuko kilomita 14. Kumbe ni simu yangu ilijiapdeti, tableti ya mdogo nayo video ikiisha inajiwekea nyingine yenyewe, mtoto kasinzia nayo kifuani na video inaendelea kucheza, laptopu nayo ikaamua siku hiyohiyo kuvuta apdeti ya giga 4 bila hata kupiga hodi. Ikiisha hawakukatii, wanakupunguza, wanakushusha mpaka kilobiti 256. Wanasema bado una intaneti, na kweli ipo, sikatai, ila ni kama mara mia pungufu ya ile uliyolipia. Nilipiga hesabu, faili la giga moja kwa spidi hiyo ni karibu masaa tisa, na hapo hakuna mwingine anayeigusa. Benki inafunguka nusu, inakuonyesha nembo, inakuonyesha sehemu ya kuweka namba ya siri, ukiweka inakwambia muda umeisha anza upya. Siku 19 tuliishi hivyo.

Kuna option ya kuongeza data katikati ya mwezi lakini bei yake usiulize, ni kama kununua maji uwanja wa ndege.

Kitu cha pili ambacho hakiandikwi kwenye tangazo lolote ni kuchelewa. Spidi 25 ni kweli nimepima mara nyingi usiku naipata, jioni watu wote wakiingia inashuka mpaka 8 au 6, hilo navumilia. Ila setilaiti yenyewe imekaa karibu kilomita 36,000 juu, ombi lako linapanda, linashuka, jibu linapanda, linashuka, hiyo safari ni zaidi ya kilomita 140,000 na hata mwanga wenyewe unatumia karibu nusu sekunde, ukijumlisha mitambo unapata kama milisekunde 600. Hapo simlaumu mtu, ni umbali, sema wangetuambia tu. Nusu sekunde kwenye kusoma habari huioni. Mpigie mama sasa. Nasema "shikamoo mama", kimya, nadhani hajasikia narudia "shikamoo mama", hapohapo inaingia "marahaba" ya ile ya kwanza, nikiuliza habari za asubuhi inaingia marahaba ya pili, mama naye anaona namkatisha ananyamaza, mi naona kanyamaza naanza kuongea, yeye naye anaanza, wote tunasema "ongea wewe", wote tunanyamaza. Siku moja akaniuliza "mwanangu, umeanza kunywa?" Mama hanielewi mpaka leo, nimemweleza kuna chombo angani kasema kwani shangazi yako yuko Omani mbona anaitikia vizuri.

Gemu za mtandaoni sahau. Mvua nayo, huku hainyeshi sana lakini siku ikinyesha ile nzito, dishi halioni kitu, intaneti inakata mpaka wingu lipite. Ni mara chache, siwatoi nyota kwa hilo. Wenzetu wa minara nao wana yao, 2017 ilitangazwa kasuku wale weupe wametafuna nyaya za kwenye minara na ukarabati umefika dola 80,000, kwa hiyo kila mtu na mkosi wake.

Nyota wamezipoteza huduma kwa wateja. Nyumbani simu haishiki mtandao, kwa hiyo kuwapigia kulalamikia intaneti inabidi niendeshe mpaka geti la tatu, kuna kilima, nasimama nyuma ya pikapu napata alama moja ya mnara. Nimesimama pale dakika 40 nasikiliza kinanda, nzi wananinywa macho, akapokea dada mmoja mpole sana akanambia "tafadhali zima ruta usubiri sekunde 30 uwashe tena". Dada, ruta iko nyumbani, mi niko kilimani! Akasema basi nikifika nyumbani nizime halafu niwapigie. Nikifika nyumbani niwapigie. Nikashuka kwenye pikapu nikakaa kwanza.

Kuhusu kujiunga, kama mpo wawili, mnasoma habari, meseji, barua pepe, na mnaweza kulala mapema muamke usiku, chukueni, kwa dola 70 kwa mwezi (bei ya 2019) inafanya kazi. Kama una watoto na tableti, zima apdeti zote za kujiendesha na ile ya video kujifuatanisha KABLA fundi hajashuka kwenye bati, usiweke kiporo. Na ukiongea na muuzaji usimuulize jumla ni giga ngapi, muulize mchana ni ngapi, tena mwambie aandike.

Sisi tumezoea, alamu inalia saa saba kasoro tano usiku, natoka na laptopu mpaka jikoni kama mtu anayekula daku, naweka vitu vya wiki kwenye foleni, chai pembeni. Ndo nilipo hapa naandika. Apdeti imefika asilimia 61, mke ameamka kunywa maji anauliza kama nimeanza na katuni za watoto maana kesho ni Jumamosi.

Sijaanza.