Bodaboda kwenye tope: nunua tairi kwanza, shokapu zisubiri

Masika yakikaribia, maduka ya spea hujaa watu wenye swali moja: "Una tairi la tope?" Swali hilo ni nusu tu. Tope jeusi la mbuga, kama lile la Shinyanga au la uwanda wa Athi kule Kenya, linanata, linajaza kila nafasi ya tairi, kisha linapanda hadi chini ya madigadi na kulifunga gurudumu kabisa. Tope jekundu la milimani, kama Lushoto, huteleza juu juu. Ukilikata unakuta udongo mgumu chini yake. Dereva wa mbuga na dereva wa mlimani hawanunui kitu kimoja. Lakini wote wawili pesa yao ya kwanza iende kwenye tairi la nyuma. Shokapu mpya nimeziweka mkiani mwa orodha hii, ingawa ndizo muuzaji atakazokuonyesha kwanza kwa sababu zinang'aa.

1. Tairi la nyuma lenye kashata nene, zilizoachana

Kashata, yaani meno ya mpira ya tairi, zikiwa ndefu na nafasi kati yake ikiwa kubwa, tairi linapozunguka hutupa tope nje. Zikibanana, tope hukaa humo humo, na baada ya mita chache unaendesha kipara. Kwa mbuga tafuta nafasi kubwa kuliko zote utakazopata dukani. Kwa udongo mwekundu, nafasi ya wastani inatosha.

Saizi usiiguse. Pikipiki nyingi za bodaboda zina 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma, nyingine zina rimu ya 18; soma ubavuni mwa tairi lako kabla ya kutoka nyumbani. Wapo wanaoamini tairi pana ndilo dawa ya tope. Kwa pikipiki ya cc 125 au 150 hilo linakugharimu mara mbili: jembamba linazama na kushika udongo mgumu, pana linaelea juu, na juu ya hapo linaanza kusugua cheni au madigadi.

Ukishaona saizi, usirudishe tairi rafuni kabla ya kusoma maandishi mengine. Karibu na saizi kuna namba ya mzigo: 50 ina maana tairi moja linabeba kilo 190, na 47 ni kilo 175. Tunajua bodaboda zinabeba nini: abiria, gunia la mkaa, mara nyingine mshikaki wa watu watatu. Usishuke chini ya 50 kwa gurudumu la nyuma, na kati ya 4PR na 6PR (PR ni kipimo cha uimara wa matabaka ya tairi) chukua 6PR. Kisha tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye msimbo unaoanza na herufi DOT; ndizo tarehe ya kutengenezwa. 1223 ni wiki ya 12 ya mwaka 2023. Tairi lililoanikwa juani mbele ya duka kwa miaka ni gumu hata kama halijawahi kugusa barabara, na mpira mgumu haushiki kitu kwenye utelezi. MRF, CEAT, Eurogrip, Kenda na Timsun zote zina michoro ya lami na ya vumbi, kwa hiyo jina peke yake halikuambii chochote. Angalia kashata.

2. Tairi mseto (la lami na vumbi)

Kama zaidi ya nusu ya safari zako ni lami, hili lipande liwe la kwanza. Kashata ndefu kwenye lami huisha haraka, na kwenye lami yenye maji breki zake zinachelewa kushika kwa sababu mpira unaogusa chini ni kidogo. Mseto utakwama kwenye mbuga, hilo ukubali, lakini utakufikisha kwenye vijiji vingi.

3. Nafasi chini ya madigadi

Hili karibu ni bure, na kwa watu wa mbuga lina thamani kuliko tairi la mbele. Fundi anaweza kuinua madigadi ya mbele kwa vipande vya chuma na boliti ndefu. Hakikisha tu haigongi chochote shokapu zinaposhuka hadi mwisho.

4. Tairi la mbele

Lile la mistari lililokuja na pikipiki linafuata njia vizuri kwenye lami, ila kwenye tope linateleza pembeni bila kukuonya. Badilisha kwa nusu kashata ukipata nafuu ya pesa. Fuata mshale ulioko ubavuni wakati wa kufunga.

5. Shokapu

Kabla ya kununua, tengeneza. Shokapu za mbele zikivuja, badilisha oili sili, weka oili ya shokapu (si ile iliyobaki ya injini), na funika bomba kwa mipira yake, maana mchanga wa tope ndio unaokula sili. Nyuma, zungusha ile pete yenye ngazi: mzigo mzito, ngazi ya juu, ukiwa peke yako kwenye utelezi, ishushe ili gurudumu lisirukeruke.

Zikiwa zimekufa kweli, nunua jozi ya urefu ule ule. Pikipiki ya Bajaj Boxer huja na springi ndani ya springi. Ukiweka za springi moja za bei rahisi, zitagonga chini kila shimo ukiwa na mzigo. Zile zenye chupa ya gesi pembeni ziache kwanza. Nyingi ni pambo, na chupa yenyewe hukusanya tope.

Kuhusu upepo: kupunguza kidogo kunasaidia, lakini tairi lenye tyubu likilegea sana huteleza kwenye rimu na kung'oa kichwa cha tyubu. Mimi sishuki chini ya psi 18 nyuma, na hapo ni bila abiria. Ukifika lami, jaza kabla hujapakia mtu.

Kama pikipiki ni ya mkataba, yaani unailipia hadi iwe yako, tairi ni juu yako. Kama ni ya hesabu, yaani unampelekea mwenye pikipiki pesa kila siku, mpigie huyo tajiri kabla mvua haijaanza; bei za kashata hupanda wiki ile ile barabara zinapoharibika.