Moodle kwa macho ya mwanafunzi wa chuo kikuu: mfumo mzuri unaoharibiwa na mipangilio

Moodle ilitoka rasmi mwaka 2002 mikononi mwa Martin Dougiamas wa Australia, na hadi leo ni miongoni mwa mifumo ya kujifunzia mtandaoni inayotumika sana vyuoni. Ni programu huria, kwa hiyo chuo hakinunui leseni na kinaweza kuiweka kwenye seva yake chenyewe. Sifa hizo huwavutia watu wa tehama. Mwanafunzi ana maswali mawili tu, na ndiyo yaliyo kwenye kiini cha nadharia ya Fred Davis ya mwaka 1989 kuhusu kukubalika kwa teknolojia: kitanifaa? Kitanisumbua? Davis aliona kuwa la kwanza lina uzito zaidi, maana watu huvumilia ugumu pale faida inapoonekana.

Idadi ya walioingia kwenye mfumo haijibu lolote kati ya hayo. Mwanafunzi aliyelazimishwa kuwasilisha kazi humo ataingia tu, akubali asikubali. Cha kutazama ni kama anaifungua Moodle wiki ambayo haina kazi ya kukusanya.

Anaifungua, kama kuna majaribio ya mazoezi. Hapa Moodle ina nguvu kweli. Mhadhiri akiweka maswali 60 kwenye benki ya maswali, kisha akauamuru mfumo uchote 10 kwa nasibu kila mara, bila kikomo cha kurudia na majibu yakionekana papo hapo, mwanafunzi ana mahali pa kujipima usiku kucha. Sharti ni moja: kila chaguo lisilo sahihi liandikiwe maelezo mafupi ya kwa nini si sahihi. Wahadhiri wengi hulikwepa kwa sababu linakula muda, na bila maelezo hayo jaribio linabaki kuwa alama tupu. Toleo la 4.0 la Aprili 2022 nalo lilisaidia kwa kuweka faharasa ya kozi pembeni mwa ukurasa, hivyo mada ya wiki ya tisa haitafutwi tena kwa kushuka kurasa ndefu.

Kwenye kuwasilisha kazi ndiko imani hupotea. Kuna mpangilio unaomtaka mwanafunzi abonyeze kitufe cha pili kuthibitisha. Ukiwashwa, faili lililopakiwa hubaki rasimu mpaka kitufe hicho kibonyezwe. Mwanafunzi huona jina la faili lake kwenye ukurasa, akafunga simu, akaamini amemaliza. Kama hakuna sababu maalumu, mpangilio huo uzimwe. Tarehe nazo ni mbili: ya kukusanya, ambayo ikipita kazi hupokelewa na kuwekewa alama ya kuchelewa, na ya kufunga, ambayo ikipita mlango umefungwa kabisa. Mhadhiri akijaza ya kwanza peke yake, asishangae kupokea kazi mwezi mzima baadaye.

Kisha kuna ukubwa wa faili. PHP, lugha ya kompyuta iliyotumika kuijenga Moodle, huja ikiwa na kikomo cha MB 2 kwa kila faili, na msimamizi asipokipandisha kwenye seva, mhadhiri hawezi kukivuka hata akiandika nini ndani ya kozi. Picha moja ya ukurasa ulioandikwa kwa mkono huweza kuzidi hapo. Waelekezeni wanafunzi watumie programu ya kuskani kwenye simu, waunganishe kurasa zote kuwa PDF moja, na chuo kipandishe kikomo.

Jaribio linalohesabiwa alama, likifanywa kwenye mtandao dhaifu, linahitaji uangalifu zaidi. Kwa kawaida Moodle huhifadhi majibu yenyewe kila dakika moja. Mtandao ukikatika, tangazo hutokea kwamba kuhifadhi kumeshindikana. La kufanya ni kuuacha ukurasa wazi, kunakili pembeni yaliyoandikwa dakika za mwisho, kisha kurudisha mtandao. Majibu yatahifadhiwa na tangazo litaondoka. Wengi kwa hofu hufunga ukurasa au kuupakia upya, na yale ambayo hayajafika kwenye seva hupotea. Saa nayo haisimami. Maelezo haya yawekwe juu ya jaribio lenyewe, yasiishie kwenye mwongozo usiosomwa.

Seva hulemewa zaidi pale darasa zima linapoanza kwa pamoja. Dawa ni kuwapa nafasi ya kuanza. Kama muda wa jaribio ni dakika 60 na unataka waanze ndani ya dakika 30, saa ya kufunga iwe dakika 90 baada ya kufungua. Ukiweka 60, aliyechelewa kuanza atakatwa katikati, kwa sababu saa ya kufunga ina nguvu kuliko muda wa jaribio. Chagua pia majibu yawasilishwe yenyewe muda ukiisha. Mwenye ulemavu au aliyekatikiwa umeme huongezewa muda peke yake bila kugusa mipangilio ya wengine.

Programu ya simu ni nzuri kwa kupakua nyaraka na kuzisoma bila mtandao, ingawa jaribio lenye kikomo cha muda halifanyiki nje ya mtandao.

Mtafiti Venkatesh na wenzake, Davis akiwemo, mwaka 2003 waliongeza kwenye maswali yale mawili ushawishi wa watu na mazingira wezeshi, yaani msaada na vifaa vya kuutumia mfumo. Vyote huonekana mara moja mhadhiri anapotuma nukuu za somo kwenye kundi la WhatsApp huku akisisitiza Moodle itumike: wanafunzi watafuata anachofanya.

Kabla ya muhula kuanza, mhadhiri aombe akaunti ya kujaribia mfumo yenye hadhi ya mwanafunzi, aingie nayo kwa simu akitumia bando la kawaida, awasilishe faili moja na kumaliza jaribio moja. Kubadili jukumu kuwa mwanafunzi ndani ya akaunti yake mwenyewe hakutoshi, kwani hakumwonyeshi kila anachokutana nacho mwanafunzi.