Hema la watu watatu, tabaka mbili: Kigamboni kwenye joto, Lushoto kwenye baridi

Nimelitumia ufukweni Kigamboni na milimani Lushoto. Chumba cha ndani kina neti juu, kava la nje halipitishi maji. Limeandikwa la watu watatu, laleni wawili.

Kwa joto la Dar, Desemba mpaka Machi, usiku usio na mvua natoa kava kabisa, inabaki neti. Mchana jua likilipiga kava, ndani panakuwa kama nyumba ya bati isiyo na dari. Dawa yake ni turubai juu, likiachana na kava kama sentimita 40 hewa ipite katikati. Likigusa tu, joto lote linaingia ndani. Mlango uelekee baharini na dirisha la nyuma liwe wazi, maana upepo usipopata pa kutokea hauingii.

Vigingi vyake ni vifupi na vyembamba, mchangani havishiki kabisa. Vikichomoka kava linalegea, linagusana na chumba cha ndani, na mvua ikinyesha mnalowa. Jaza mchanga kiroba cha kilo 5, kifunge kamba ya hema katikati, kifukie kilale, mchanga ufike kwenye kiwiko ukipima kwa mkono. Hapo hata kaskazi ikikaza, kamba haitikisiki.

Lushoto ni kama mita 1,400 juu ya bahari, na kila mita 1,000 joto hupungua nyuzi 6 hivi. Juni na Julai usiku unauma kweli. Kosa la wengi ni kuziba kila tundu. Mvuke wa pumzi unagonga kava la baridi, unakuwa matone, alfajiri blanketi limelowa na halipashi tena. Acha tundu la juu wazi, na zipu ya mlango ibaki wazi vidole vinne kwa juu.

Baridi mbaya zaidi hutoka chini. Tandika jamvi, godoro la povu la inchi 2, kisha blanketi. Godoro la upepo peke yake linapoza mgongo usiku kucha. Na tafadhali sana, jiko la mkaa lisiingie hemani hata kama umebaki moto kidogo: gesi yake haina harufu, na inaua watu usingizini.

Ninalipatia nyota 4 kati ya 5. Vigingi ndivyo vimelipunguzia. Ukitoka ufukweni, futa zipu kwa maji baridi yasiyo na chumvi, anika mpaka likauke, ndipo ukunje.