Folda la Jackie Chan kwa buku tatu, nilichopewa na nilichokatiwa

Mnaoishi Mwananyamala mnavijua vile vibanda vya kurusha muvi. Kuna kimoja karibu na kwangu, jina silitaji maana dogo mwenyewe mtu poa na leo namsifia na kumsema humo humo. Ofisi yenyewe kompyuta moja, feni inayozunguka kama imelazimishwa, na mapicha ya sizoni za Kikorea mpaka mlangoni. Muvi moja jero. Ila dogo ana kitu ambacho wenzake hawana, muvi za zamani kazipanga kwa steringi: folda la Van Damme, folda la Arnold, folda la Kanumba, hata la Mithun lipo kwa ajili ya wazee wetu. Nikabeba la Jackie Chan lote, muvi kumi na moja, buku tatu, flash nimeenda nayo mwenyewe.

Mi Jackie Chan nimemjulia banda umiza (banda la video la mtaani) Manzese, unakaa kwenye benchi la ubao, mbele yako kuna jamaa ana kichwa kama ndoo. Kilichotupeleka pale ngumi tu. Stori tulikuwa tunaitoa kwenye zile zilizotafsiriwa na marehemu Lufufu, na ikija mikanda ambayo haijatafsiriwa kila mtu alikuwa na stori yake, na steringi hafi, basi. Sasa nimekaa nazo wikiendi mbili na maandishi ya chini nasoma, na nakiri tulikuwa hatuangalii hizi muvi, tulikuwa tunahesabu mateke.

Chukua Drunken Master ya 1978. Nilichokuwa nakumbuka ni ulevi na yule babu mwenye pua nyekundu (kumbe ni baba mzazi wa dairekta, Yuen Woo-ping, huyo huyo aliyekuja kupanga mapigano ya The Matrix). Nilichokuwa sijui ni kwamba kuna mitindo nane ya ngumi za kilevi, na Jackie wa nane aliutegea makusudi kwa sababu ni wa kike, kaona aibu kukata kiuno. Anafika kwa adui mkubwa, saba zote zimegonga mwamba, uliobaki ndo ule alioukimbia. Inabidi autunge pale pale, anajiremba, anabinua nyonga, anampiga mtu huku anarembua. Nilicheka peke yangu mpaka wife akaja kuangalia kuna nini. Banda zima siku ile tulipiga miluzi tu, hakuna aliyejua Jackie analipia uvivu wake.

Af Police Story, 1985. Kila mtu anakumbuka vioo vinavyopasuka kwenye fainali. Mi saivi kipande changu ni pale wanamhamishia kituo cha mbali huko anabaki peke yake na simu zinalia zote kwa mpigo, huyu kaibiwa, huyu kagombana na mumewe, nyaya zinamzonga shingoni, na tambi zake zinapoa anatafuta namna ya kuzila. Hakuna ngumi hata moja, na ndo pamepangwa kuliko mapigano yote ya muvi nyingi za leo. Yani hapo ndo nikaelewa huyu jamaa alikuwa mchekeshaji kwanza, ngumi zimefuata.

Kisichozeeka vizuri nacho niseme. Maggie Cheung, anayecheza demu wa Jackie humo ndani, anateswa bure, anamwagiwa keki usoni, anadanganywa, anaachwa analia, na sisi tunatakiwa tucheke. Zamani nilicheka. Safari hii binti yangu wa darasa la sita aliuliza "baba, huyu dada kakosa nini?" sikuwa na jibu nikajifanya natafuta rimoti.

Wheels on Meals (1984, wapo Barcelona, kaiongoza Sammo Hung) stori yake nyepesi kama chai ya rangi, ila ile fainali na Benny Urquidez, ile mishumaa inazimika kwa upepo wa teke, rudisheni nyuma mara tatu. Rumble in the Bronx nimeiruka katikati.

Sasa kesi yangu na dogo. Project A ya 1983, Jackie ananing'inia kwenye saa juu ya mnara, anaachia, anapasua vitambaa viwili vya kivuli, anatua chini kwa kichwa. Utamu wote uko mwisho, majina yanapopita, wanaonyesha zile za kukosea, unamuona mtu kaanguka kweli na haamki haraka. Banda umiza hatukuwahi kuziona maana mwenye banda alikuwa anazima kuwahi watu wa shoo inayofuata. Nimesubiri miaka yote hiyo, nabonyeza, muvi inaisha, giza. Nikajaribu Police Story, giza. Zote kakata!

Nikarudi naye. "Dogo, mwisho umepeleka wapi?"

"Bro, si majina tu yale? Yanakula nafasi."

Nikamkalisha nikamueleza, kwamba kwenye Police Story jamaa kateleza kwenye nguzo iliyozungushiwa taa, mikono ikaungua, na kazi yenyewe wenzake waliibatiza Stori ya Vioo. Kwamba hapo mwisho ndo risiti ya muvi, unaona nani kalipa na kalipa kiasi gani. Dogo kanisikiliza kwa adabu, kauliza, "kwa hiyo anaumia kweli?" kaduwaa kidogo, af akaingia kutafuta mafaili mazima.

Picha safi, sauti kwenye mbili iko chini mno, bei haina ubaya. Ukienda, kabla hujalipa mwambie akufungulie dakika tatu za mwisho. Mi nimeacha flash pale tangu Alhamisi, anataka buku tena ya kurushia upya, nimembembeleza jero kagoma.